Ostafrika, Östafrika, Østafrika: Shajara ya Faharasa ya Vitabu vya Kale

Shajara hii inaeleza jinsi tulivyohamisha kadi 1,146 za maktaba ndogo ya mtaani hapa Tanga kutoka kwenye makasha ya mbao hadi kwenye kompyuta. Vitabu vyenyewe vinahusu Afrika ya Mashariki, lakini viliandikwa Ulaya kwa lugha tisa: Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kiswidi, Kidenmaki, Kipolandi, Kicheki na Kihungari. Ukiacha Kiingereza, kila mojawapo ya lugha hizo ina herufi zinazovaa alama juu, chini au katikati. Ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye makasha kama haya. Hatua zilizokwenda sawa nimezigusa tu, na makosa nimeyapa nafasi kwa kuwa ndiyo yaliyokula muda na fedha.

13 Januari 2024: Kuhesabu kadi

Tuko wawili, mimi na mwalimu mstaafu anayeitunza maktaba. Kadi zilipigwa taipu na watu mbalimbali kwa miaka mingi, na kwa kuwa taipureta haikuwa na alama, mpiga taipu aliandika herufi tupu kisha akaongeza alama kwa kalamu. Kwenye kadi ya Ludwig von Höhnel, aliyefika Ziwa Turkana pamoja na Teleki Sámuel mwaka 1888, vitone viwili vya juu ya o vimefifia hadi vinaonekana tu kadi ikiinamishwa dirishani. Tumepiga picha kadi zote kwa simu na kuzihifadhi. Gharama: flashi moja, shilingi 18,000.

27 Januari 2024: Tulizifuta alama zote, tukajuta

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kuandika majina yote kwa herufi tupu. Niliona msomaji wetu hana alama hizo kwenye kibodi yake, na kwamba alama ni mapambo ambayo jina linaweza kuishi bila kuyavaa. Tulifika kadi ya 200 ndipo mwalimu alipogundua kwamba gavana mmoja amekuwa watu watatu. Götzen, aliyetawala Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu 1901 hadi 1906, na ambaye meli iitwayo leo MV Liemba katika Ziwa Tanganyika ilibeba jina lake hapo mwanzo, alikuwamo kama Götzen, kama Goetzen na kama Gotzen.

Kati ya hao watatu, wawili ni halali na mmoja hayupo duniani. Katika maandishi ya kale ya Kijerumani, vitone vya ö vilikuwa herufi e ndogo iliyoandikwa juu ya o, na kwa mkono wa waandishi ikapungua hadi ikawa mistari miwili mifupi, kisha vitone. Kwa hiyo anayeandika oe anaishusha tu e iliyokuwa imepandishwa, lakini anayeandika o tupu ameitupa. Wataalamu wa wanyama wanalijua jambo hili: kanuni zao haziruhusu alama katika majina ya kisayansi, na jina lenye asili ya Kijerumani lililotangazwa kabla ya 1985 hubadilishwa ö yake kuwa oe. Ndiyo maana keremkerem aliyepewa jina la Richard Böhm huandikwa *Merops boehmi*, wala si *bohmi*.

Nilipofuatilia zaidi niliona kwamba alama nyingi za Ulaya zina asili hiyohiyo ya herufi kubebwa mgongoni na mwenzake. Kiwimbi cha ñ ya Kihispania ni n ya pili iliyopandishwa juu ili kuokoa nafasi, na kiduara cha å ya Skandinavia ni o ndogo. Kofia ya Kifaransa, kwa sehemu kubwa, inaonyesha mahali s ilipokufa, kama katika *forêt* na *hôpital*. Lakini si zote zilizo hivyo, kwa kuwa nyingine zipo ili kutenga maneno yasigongane. Kwa Kireno, *avó* ni bibi na *avô* ni babu. Tofauti yao yote iko kwenye hiyo alama, inayoonyesha kama o inatamkwa kwa mdomo uliofunguka zaidi au uliobanwa.

Mwalimu aliposikia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, bibi na babu tusiwachanganye. Turudi mwanzo."

Tulirudia kadi zote 200, kazi ya siku nne. Kanuni tuliyoiweka ni kwamba jina linaandikwa kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina wa kitabu chenyewe, hata kama kadi inasema vingine.

18 Februari 2024: WiBmann wa Ufambara

Ili kuharakisha kazi, tulipiga picha kurasa za majina na kuzipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi. Programu ilikuwa imewekwa Kiingereza, nami sikuangalia. Matokeo yake Hermann von Wißmann, aliyetumwa kumkabili Abushiri wa Pangani mwaka 1889, alitoka kama "WiBmann", kwa sababu programu isiyoijua ß, herufi ya Kijerumani inayosomeka ss, huiona kuwa B. Nilipobadilisha lugha kuwa Kijerumani, tatizo hilo liliisha kwa vitabu vya herufi za kawaida.

Vitabu vilivyochapwa kwa herufi za Fraktur, yaani mtindo wa kale wa maandishi ya Kijerumani, vilibaki na ugonjwa mwingine. Herufi s ikiwa mwanzoni au katikati ya neno huandikwa humo kwa umbo refu linalofanana na f iliyokosa nusu ya kijiti chake cha katikati, na programu ikatupatia milima ya "Ufambara" na nchi ya "Deutsch-Oftafrika". Mtu wa Tanga hawezi kudanganyika na Ufambara, lakini majina ya watu tusiowajua tungeyakubali bila kushtuka. Tesseract, ambayo ni programu ya bure, ina data maalumu ya kusomea Fraktur. Tuliipakua, makosa yakapungua sana, na yaliyobaki tuliyasahihisha kwa macho. Gharama: bando la intaneti, shilingi 10,000 kwa mwezi, ambalo limeendelea hadi mwisho wa mradi.

9 Machi 2024: Kibodi iliyoandika ngómbe

Kuchapa é, ñ au ç kwa kutafuta herufi moja moja kwenye menyu kunachosha, hivyo niliiwekea kompyuta mpangilio wa kibodi ya kimataifa ya Marekani. Katika mpangilio huo unabonyeza ritifaa, halafu e, unapata é. Unabonyeza alama ya kunukuu, halafu o, unapata ö. Kasi yetu iliongezeka mara moja, nami nikajipongeza.

Siku tatu baadaye mwalimu aliniita nisome safu ya maelezo tunayoiandika kwa Kiswahili. Ilisema kwamba kitabu fulani kinahusu ufugaji wa "ngómbe", na kingine kinaeleza safari ya "ngámbo". Kibodi ilikuwa ikilichukulia kila ritifaa letu kuwa ombi la alama na kulipandisha juu ya irabu inayofuata. Mistari 37 ilikuwa imeharibika, na kikagua tahajia hakikusema kitu kwa sababu hatukuwa nacho cha Kiswahili.

Dawa ya haraka ni kubonyeza kitufe cha nafasi baada ya ritifaa kabla ya kuendelea na irabu. Dawa iliyotufaa zaidi ni kuweka mipangilio miwili ya kibodi na kubadilisha kati yake: wa kawaida kwa safu ya Kiswahili, wa kimataifa kwa majina na vichwa vya vitabu. Yapo mambo ya kucheka katika hili, kwa kuwa Kiswahili karibu hakina kazi na alama za juu. Pale ambapo Mcheki anaandika š, č na ň, sisi tunaandika sh, ch na ny. Mkazo wetu pia hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatuhitaji kuuonyesha kama Wahispania, isipokuwa kwa maneno machache kama *barabara*, ambalo mkazo wake ndio unaotofautisha njia ya magari na jambo lililofanyika sawasawa. Kibodi ile ilitupatia alama tusizoziomba.

31 Machi 2024: Kapu¶ciñski na Jiøí

Maktaba moja ya ng'ambo ilitutumia orodha ya vitabu vya Kipolandi, Kicheki na Kihungari ili tusianze kuandika upya. Tulipoifungua, Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari wa Polandi aliyewahi kuishi Dar es Salaam, alikuwa "Kapu¶ciñski". Jiří Hanzelka, aliyevuka Afrika kwa gari la Tatra pamoja na Miroslav Zikmund mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa "Jiøí". Na neno la Kihungari *őserdő*, yaani msitu wa asili, lilikuwa "õserdõ".

Nilidhani faili limeharibika. Halikuharibika. Misimbo ya zamani ya kompyuta, yaani majedwali yanayoipa kila herufi namba yake, ilikuwa na nafasi 256 tu kwa herufi zote. Nusu ya kwanza ilikuwa ya pamoja, na nusu ya pili iligawiwa kwa kanda. Msimbo wa ISO 8859-1 ulihudumia Ulaya ya Magharibi, na ISO 8859-2 ulihudumia Ulaya ya Kati. Nafasi ya 248 ni ø katika msimbo wa kwanza na ř katika wa pili. Nafasi ya 245 ni õ huku na ő kule. Nafasi ya 182 ni ¶ huku na ś kule. Faili lilikuwa na namba sahihi, ila kompyuta yetu ilizisoma kwa ufunguo wa jirani.

Kosa langu lilikuwa kutibu dalili. Badala ya kulifungua faili upya kwa msimbo unaostahili, nililibandika ndani ya jedwali kuu kisha nikatumia amri ya kutafuta na kubadilisha: kila ø iwe ř, kila õ iwe ő. Jiří akapona. Lakini vitabu vyetu vya Kidenmaki, ambavyo karibu vyote vilichapwa København, vikawa vimechapwa "Křbenhavn", na *expedições* za Wareno zikawa "expediçőes". Tuliigundua hitilafu hiyo jioni, baada ya kuhifadhi, na nakala ya akiba ilikuwa ya siku tisa nyuma.

Njia sahihi ilichukua dakika tano: kulifungua faili la wenyewe peke yake, kuiambia programu kwamba limeandikwa kwa ISO 8859-2, kulihifadhi kwa UTF-8, ndipo kuliunganisha na jedwali. UTF-8 inaziandika herufi zote za Yunikodi, jedwali moja la pamoja linaloipa kila herufi namba yake peke yake, kwa hiyo ø na ř hazigombani tena. Ukiona "Ã©" mahali palipotakiwa é, ujue kosa ni hilihili limegeuzwa: faili ni la UTF-8, lakini linasomwa kwa msimbo wa zamani. Tangu siku hiyo tunahifadhi nakala ya akiba kila jioni yenye tarehe kwenye jina la faili.

21 Aprili 2024: Neno moja, viti vitatu

Hii ndiyo sehemu iliyotusumbua kuliko zote, na ambayo nilidhani ni ya kubonyeza kitufe kimoja.

Mjerumani akitaka kusema Afrika ya Mashariki huandika *Ostafrika*, Mswidi huandika *Östafrika*, Mdenmaki huandika *Østafrika*. Neno ni lilelile, na tuna vitabu vinavyoanza nalo katika sura zote tatu. Katika faharasa ya Kijerumani linakaa chini ya O. Katika ya Kiswidi linakwenda mwisho kabisa, kwa kuwa alfabeti yao ina herufi 29 na inamalizika kwa å, ä, ö. Katika ya Kidenmaki alfabeti inamalizika kwa æ, ø, å, kwa hiyo neno linakaa la pili kutoka mwisho. Mswidi na Mdenmaki hawaioni ö au ø kuwa o iliyovaa kitu. Kwao ni herufi kamili yenye kiti chake, kama ambavyo sisi hatuwezi kumwambia mtu kwamba M ni N yenye mguu wa ziada.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupanga kwa namba za msimbo, ambalo ndilo linalotokea usipochagua lugha. *Études* za Wafaransa zikaenda baada ya *Zanzibar*, jambo ambalo Mfaransa angelicheka, maana kwake é ni e tu linapokuja suala la mpangilio. Upande wa Kiswidi herufi zilikwenda mwisho kama inavyotakiwa, ila Ä ikatangulia Å, kinyume cha desturi yao, kwa sababu tu namba yake ni ndogo kwa moja.

Jaribio la pili lilikuwa kuchagua Kiswidi kama lugha ya mpangilio katika lahajedwali la LibreOffice. Yngve Sjöstedt, aliyeongoza msafara wa kisayansi wa Waswidi huko Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, akapata kiti chake halali. Lakini Carl Büttner, Mjerumani aliyekusanya maandishi ya Kiswahili, alipotea. Tulimtafuta chini ya Bu, tukamkosa. Chini ya Bue, tukamkosa. Alikuwa chini ya By, kwa kuwa Waswidi huipanga ü ya kigeni pamoja na y. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mpangilio mmoja wa Ulaya, na kwamba kila anayepanga anamkosea mtu.

Hata ndani ya lugha moja hakuna umoja. Wajerumani wenyewe, katika kiwango chao cha DIN 5007, wana njia mbili: katika kamusi ö huhesabiwa kama o, na katika orodha za majina ya watu huhesabiwa kama oe. Wacheki wanazipa č, ř, š na ž viti vyake, lakini á na í hawazipi, na *ch* yao ni herufi moja inayokuja baada ya h. Wapolandi wanazipa viti herufi zao zote tisa zenye alama. Wahungari wanaziweka o na ó pamoja, ö na ő pamoja, na kuyatenga makundi hayo mawili. Wadenmaki waliandika *aa* hadi 1948 walipoichukua å. Mji wa Aarhus ulirudia *aa* mwaka 2011, na hata hivyo katika orodha zao jina hilo bado linapangwa mwisho, kana kwamba kiduara kipo.

Nilipendekeza tuwe na orodha tisa, kila lugha kwa kanuni zake. Mwalimu alikataa katakata. "Msomaji ajue kwanza kitabu ni cha lugha gani ndipo akitafute? Anayekuja hapa ni kijana wa Tanga, mwanangu, hatoki Stockholm."

Alikuwa na haki. Tumepanga A hadi Z kwa jicho la msomaji wa Kiswahili: alama hazihesabiwi katika hatua ya kwanza, na zinaangaliwa tu pale maneno mawili yanapolingana kwa herufi zote. Kwa hiyo *Ostafrika*, *Östafrika* na *Østafrika* zinafuatana chini ya O, na *Årsbok* ya Waswidi, yaani kitabu cha mwaka, iko chini ya A. Jina lenyewe linachapwa na alama zake zote. Kwa majina ya Kijerumani yenye sura mbili tumeongeza mstari wa rejea, kwa mfano "Goetzen, tazama Götzen". Mswidi atakayekuja atakereka, nasi tumemwekea maelezo kwenye ukurasa wa kwanza.

19 Mei 2024: Alama zisizong'oka

Ili msomaji aandike "Hohnel" na kumpata Höhnel, tulihitaji safu ya pili iliyofichwa yenye majina yasiyo na alama. Nilitumia njia ya kawaida ya Yunikodi: kuipasua kila herufi kuwa herufi ya msingi na alama yake, kisha kuzifuta alama. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri kwa ö, é, ř, ś na ç. Nilipojaribu mji wa Łódź, palipochapwa baadhi ya vitabu vya Kipolandi, ulirudi kama "Łodz". Ó na ź zilivuliwa alama, ila Ł ilibaki na mkwaju wake.

Sababu ni kwamba Yunikodi haizihesabu ł, ø na đ kuwa herufi mbili zilizounganishwa; ni herufi moja isiyopasuka. Vivyo hivyo æ na ß. Kwa muda wote huo, aliyetafuta "Wissmann" alikuwa hampati Wißmann, na aliyetafuta "Ostafrika" alikuwa anapata vitabu vya Wajerumani na Waswidi bila vya Wadenmaki. Tuliandika jedwali dogo la kubadilisha kwa mkono: ł kuwa l, ø kuwa o, đ kuwa d, æ kuwa ae, ß kuwa ss. Kwa majina ya Kijerumani tuliingiza funguo mbili, moja ya o na moja ya oe.

15 Juni 2024: Nakala kumi za kutupa

Tulipeleka faharasa kuchapwa nakala kumi, shilingi 9,000 kila moja. Zilirudi zikiwa na jalada zuri na ndani zikiwa na kasoro mbili. Ya kwanza, fonti ya mchapaji haikuwa na ő, kwa hiyo *őserdő* ilitoka ikiwa na visanduku viwili vitupu. Ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi: katika jina Jiří, kindoano cha ř kilikuwa kimeteleza na kuning'inia kati ya r na í, wakati kwenye mstari uliofuata jina hilohilo lilikuwa safi.

Kwenye skrini yetu majina hayo mawili hayakutofautiana hata kidogo. Tofauti ilikuwa ndani: moja lilikuwa na ř kama herufi moja, na jingine, lililonakiliwa kutoka kompyuta ya aina nyingine, lilikuwa na r ikifuatwa na alama ya kindoano peke yake. Yunikodi inakubali njia zote mbili na kuzihesabu kuwa sawa, lakini fonti duni haijui kukiketisha kindoano mahali pake. Dawa ni kulipitisha jedwali lote kwenye usawazishaji wa aina ya NFC, unaounganisha kila kinachoweza kuunganishwa. Kosa la kutopiga nakala moja ya majaribio kwanza lilikuwa langu, na nilililipia mwenyewe.

6 Julai 2024: Toleo la pili

Safari hii tulituma faili la PDF lenye fonti ndani yake, tukapiga nakala moja ya majaribio, tukaisoma kwa rula mstari kwa mstari, ndipo zikachapwa kumi. Hesabu yote ni hii: flashi 18,000, bando la miezi sita 60,000, karatasi na wino wa rasimu 22,000, nakala zilizotupwa 90,000, ya majaribio 9,000, za mwisho 90,000. Jumla ni shilingi 289,000, na karibu theluthi yake ni kosa la Juni.

Msomaji wa kwanza, mwanafunzi wa historia, aliandika "Kilwa" kwenye kompyuta akapata vitabu vya Kiingereza na Kijerumani tu. Vya Kireno vilikuwapo, ila chini ya *Quíloa*. Na vya Mombasa vilikuwa chini ya *Mombaça*, ambayo safu yetu ya utafutaji ilikuwa imeigeuza kwa uaminifu kuwa "Mombaca". Mwalimu ameanza kuandika kwa penseli, pembezoni mwa nakala yake, orodha ya majina ya miji ya pwani kama Wareno walivyoyaandika, nami ninayaingiza kama mistari ya rejea. Jana tulifika Moçambique.